Asiposema kwa Wakati, Usingoje: Mwongozo kwa Mzazi wa Saza

Mtoto akitimiza miaka miwili bila kusema, nyumba nyingi kuanzia Saza na Mkwajuni hadi Tunduma hutoa jibu moja: atasema tu. Bibi hukumbusha kwamba hata baba yake alichelewa. Jirani huongeza kwamba watoto wa kiume ndivyo walivyo. Maneno hayo hutoka kwa watu wanaompenda mtoto, na mara nyingi huja kuwa kweli. Kati ya watoto 100 wa umri wa miaka miwili, takribani 10 hadi 15 huwa nyuma katika kusema, na wengi wao huwafikia wenzao baadaye.

Tatizo ni kwamba kwa kumtazama tu huwezi kujua ni yupi atakayewafikia wenzake na ni yupi asiyesikia. Wote wawili hucheka, hukimbia na hula vizuri. Tofauti hujitokeza wanapofika darasa la kwanza, na kufikia hapo miaka ambayo ubongo hujifunza lugha kwa wepesi mkubwa huwa imeshapita.

Kwa hiyo ushauri mkuu wa mwongozo huu ni mmoja. Ukiwa na wasiwasi, mpeleke mtoto akapimwe masikio, na siku hiyohiyo anza kuzungumza naye zaidi nyumbani. Mtoto ambaye angesema mwenyewe hatadhurika kwa lolote kati ya hayo mawili. Yule ambaye asingesema, huenda ukawa umemwokoa.

Anatakiwa awe amefika wapi?

Watoto hawalingani, na tofauti ya mwezi mmoja au miwili si ugonjwa. Hata hivyo kuna hatua ambazo watoto wengi huzifikia, na unaweza kuzitumia kupima mwendo wa mwanao.

*Kuzaliwa hadi miezi 3.* Hushtuka kwa sauti kubwa ya ghafla, hutulia akisikia sauti ya mama, na huanza kutoa sauti laini akiwa ameshiba na kuridhika.

*Miezi 6 hadi 9.* Hugeuka kutafuta sauti ilikotoka. Huanza kuunganisha silabi kama "bababa", "mamama", "dadada". Akifika miezi 9 huitikia jina lake kwa kugeuka au kutazama.

*Mwaka 1.* Hupunga mkono wa kwaheri, hunyoosha mikono abebwe, huelewa "hapana", na huwa na neno lake la kwanza au anakaribia kulipata.

*Mwaka 1 na nusu.* Huwa na maneno kadhaa, hunyoosha kidole kukuonyesha kuku, gari au ndege, na hufuata agizo jepesi kama "lete kikombe" bila wewe kumwonyesha kwa mkono.

*Miaka 2.* Huwa na maneno yapatayo 50 na huanza kuunganisha mawili: "maji ingine", "baba njoo".

*Miaka 3.* Huunganisha maneno matatu na zaidi, huuliza maswali, na hata mgeni huelewa sehemu kubwa ya anachosema.

*Miaka 4.* Husimulia kilichotokea, na watu wasio wa nyumbani humwelewa karibu kila anaposema.

Usihesabu matamshi mabovu kuwa kuchelewa. Mtoto wa miaka miwili anayesema "taka maji" badala ya "nataka maji" anapita njia ya kawaida ya wanaojifunza Kiswahili, kwa sababu viambishi vya mwanzo wa kitenzi huja baadaye. Anayesema "kalanga" badala ya "karanga" naye mpe muda, kwani sauti ya "r" ni miongoni mwa zinazochelewa.

Lugha nyingi nyumbani si kosa

Mkoa wetu wa Songwe una lugha nyingi. Wabungu, Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wasafwa na Wasukuma wanaishi pamoja. Machimbo ya Saza huleta watu kutoka kila pembe ya nchi, na Tunduma inatazamana na Nakonde ya Zambia, ambako Kibemba husikika sokoni. Ndiyo maana wazazi wengi huambiwa waache kilugha ili mtoto asichanganyikiwe. Ushauri huo si sahihi. Kulelewa kwa lugha mbili au tatu hakusababishi mtoto achelewe kusema.

Unachotakiwa kufanya ni kuhesabu maneno yake katika lugha zote kwa pamoja. Akiwa na maneno 30 ya Kiswahili na 25 ya Kinyiha, huyo ana maneno 55. Bibi anayejua Kinyiha kwa ufasaha amsemeshe Kinyiha. Mtoto hufaidika zaidi na mtu anayezungumza kwa raha na kwa maneno mengi kuliko anayejikongoja katika lugha asiyoimudu. Na ikiwa mtoto yuko nyuma katika lugha zote, usiitupie wingi wa lugha lawama. Tafuta chanzo kingine.

Dalili zisizosubiri

Nenda kwenye kituo cha huduma za afya bila kungoja siku ya kliniki ukiona lolote kati ya haya:

- Mtoto mchanga hashtuki kamwe kwa kelele kubwa.
- Amefika miezi 9 na hatoi silabi zozote, au haitikii jina lake.
- Amefika mwaka 1 na haonyeshi ishara yoyote: hapungi mkono, hanyooshi mikono, hatafuti macho yako.
- Amefika mwaka 1 na nusu na hana neno hata moja, au hanyooshi kidole kukuonyesha kitu.
- Amefika miaka 2 na haunganishi maneno mawili, au haelewi maagizo mepesi.
- Amefika miaka 3 na watu wa nyumbani wenyewe hawamwelewi.
- Umri wowote: alikuwa anasema, sasa ameacha. Hii ni dalili nzito kuliko zote, hata kama mengine yote yanaonekana sawa.

Anza na masikio

Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria jambo jingine lolote, jiulize kama anasikia. Wazazi wengi hujibu haraka: anasikia, maana mlango ukibamizwa anageuka. Lakini usikivu una ngazi. Mtoto anaweza kusikia mngurumo wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na asisikie "s" na "f" katika "samaki" na "fagio". Anaweza pia kugeuka kwa sababu ameona kivuli au amehisi mtikisiko wa sakafu.

Unaweza kufanya jaribio la awali nyumbani. Subiri mtoto awe ametulia, anacheza. Simama nyuma yake umbali wa mita moja, mahali asipokuona wala kivuli chako kisimfikie. Mwite kwa sauti ya chini ya kawaida. Kisha toa "sss" ndefu, halafu papasa mfuko wa plastiki polepole. Rudia upande wa pili, na rudia siku nyingine. Asipogeuka mara kadhaa, una sababu ya kutosha ya kwenda hospitali. Hata akigeuka, jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo cha hospitali.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazozuilika. Sababu kadhaa ziko mikononi mwa familia:

*Usaha masikioni.* Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi lina ugonjwa sugu, na kila mwezi unaopita huweza kula usikivu. Zahanati hutoa dawa na hukufundisha kulikausha kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, angalau mara tatu kwa siku, hadi usaha ukome. Usimimine mafuta ya kupikia, maziwa ya mama, mkojo wala maji ya majani.

*Magonjwa makali.* Homa ya uti wa mgongo, malaria kali yenye degedege, na manjano kali kwa mtoto mchanga huweza kuacha uziwi au madhara ya ubongo. Mtoto aliyepona ugonjwa wa aina hii apimwe masikio, hata kama anaonekana mzima.

*Surua na rubela.* Rubela ikimpata mama katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2014, na mtoto huipata akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Wengi huishia dozi ya kwanza. Fungua kadi ya kliniki leo uangalie kama ya pili ipo.

Sababu nyingine, zikiwemo za machimboni

Masikio yakiwa mazima, bado kuna mengine ya kuchunguzwa. Mtoto asiyekutazama usoni, asiyeitikia jina, asiyenyoosha kidole, na anayerudia mchezo uleule kwa muda mrefu anaweza kuwa na usonji. Aliyechelewa pia kukaa, kutambaa na kutembea anaweza kuwa na mtindio wa ubongo au tatizo la ukuaji kwa ujumla. Hali hizi haziletwi na laana wala uchawi, na mama hana hatia. Zinahitaji msaada wa mapema na subira ya muda mrefu.

Sisi wa Saza tuna jambo jingine la kulisema waziwazi, nalo ni zebaki. Kwenye mialo yetu, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, wachimbaji wadogo huitumia kukamatisha dhahabu, kisha mchanganyiko huo huchomwa na zebaki hupanda kama mvuke usioonekana. Mvuke huo huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na wanaoathirika zaidi ni mtoto aliye tumboni na mtoto mchanga. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, lakini mkataba hauwezi kuingia jikoni kwako kukuzuia. Usichome dhahabu ndani ya nyumba, jikoni wala uani wanapocheza watoto. Usitumie sufuria au kikaango cha chakula kwa kazi hiyo. Mjamzito na mama anayenyonyesha wasiishike zebaki wala kukaa karibu inapochomwa. Anayerudi kutoka mwaloni abadili nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto.

Chumvi nayo ina nafasi yake. Upungufu wa madini joto wakati wa ujauzito hudhuru ubongo wa mtoto na huweza kuathiri usikivu wake. Nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Chumvi ya kienyeji, kama ile ambayo imetengenezwa Ivuna kwa karne nyingi, haitoshi ikiwa haijaongezwa madini hayo.

Mwisho ni ukimya wa nyumba. Mama yuko mwaloni au anauza chakula tangu alfajiri, baba yuko duarani, kwenye shimo la kuchimba dhahabu, na mtoto ameachwa na dada yake wa miaka saba au na simu inayocheza katuni. Mtoto wa namna hiyo anasikia kelele siku nzima, na bado anaweza kukosa mtu wa kuzungumza naye.

Usifanye haya

*Usimpeleke kukatwa kimeo.* Wako wanaowakata watoto kimeo kwa wembe au kisu wakidai kinazuia kusema au kinaleta kikohozi. Kimeo hakizuii mtoto kusema. Kukikata huleta kuvuja damu, maambukizi, pepopunda na hata kifo.

*Usimkate ulimi kwa chini.* Utando mfupi chini ya ulimi unaweza kusumbua kunyonya, na mara chache kuathiri matamshi, lakini si sababu ya mtoto kukosa maneno. Aamue daktari, na akate daktari ikibidi.

*Usimtulize kwa simu.* Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Katuni haimngojei mtoto ajibu, na mtoto hujifunza kusema kwa kujibiwa.

*Usimcheke, usimwite bubu, usimnyime kitu hadi atamke.* Aibu hufunga mdomo uliokuwa unaanza kufunguka.

*Usimkatize mwenye kigugumizi.* Kati ya miaka miwili na mitano watoto wengi hurudiarudia silabi. Mtazame, msubiri amalize, jibu alichosema. Kikidumu zaidi ya miezi sita au akianza kukunja uso na kuogopa kusema, mpeleke kwa mtaalamu.

Njia ya kufuata kutoka Saza

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na uombe uchunguzi wa masikio na wa ukuaji. Usiseme "mtoto ana shida" ukaishia hapo. Sema kwa ukamilifu: "Mwanangu ana miezi 26, ana maneno manne tu, haunganishi, na nikimwita kutoka nyuma hageuki." Beba kadi ya kliniki. Andika maneno yote anayosema, ya lugha zote. Mrekodi kwa simu dakika mbili akicheza nyumbani, maana mbele ya mgeni watoto wengi hunyamaza. Eleza alivyozaliwa, kama alilia mara moja, na magonjwa aliyopata.

Kutoka hapo omba rufaa kwenda hospitali iliyopo Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe. Ngazi inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe, huko Vwawa. Kwa familia nyingi za Saza, njia rahisi ya kumfikia bingwa ni kupitia Galula na Mbalizi hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Ukifika, ulizia idara ya masikio, pua na koo. Sera ya taifa inaelekeza watoto wa chini ya miaka mitano wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma, lakini nauli na malazi ni juu yako, kwa hiyo uliza kabla ya safari kama kipimo cha usikivu kinafanyika siku hiyo.

Ukiambiwa "subiri kidogo" bila mtoto kupimwa, uliza kwa heshima: "Daktari, nirudi lini, na tutamwangalia kwa kipimo gani?" Omba iandikwe kwenye kadi, kisha rudi tarehe hiyo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji chako anaweza kukusaidia kufuatilia. Mwambie pia kwamba Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inawahusu watoto kama wako.

Kazi ya nyumbani, kila siku

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno nchini. Hata ukimpata mmoja, atakuona saa moja, kisha atakurudisha nyumbani na kazi zifuatazo. Hazihitaji fedha.

*Shuka hadi usawa wa macho yake.* Chuchumaa au mpakate. Aone mdomo wako unavyotembea.

*Taja mnachofanya.* Unaposonga ugali: "Maji yamechemka. Natia unga. Ugali wa moto!" Unapomwogesha: "Mguu huu. Mguu mwingine. Tumbo!" Sentensi ziwe fupi na ziwe za kweli, juu ya kitu anachokiona.

*Fuata macho yake.* Akimtazama mbuzi, zungumza juu ya mbuzi. Usimvute kwenye kitu ulichokitaka wewe.

*Mjibu, kisha ngoja.* Akitoa sauti, ichukulie kama neno na umjibu. Halafu nyamaza na uhesabu moyoni hadi 10. Kusubiri huku ndiko kugumu zaidi kwa wazazi, na ndiko kunakompa mtoto zamu yake.

*Ongeza neno moja.* Akisema "gari", wewe sema "gari kubwa". Akisema "gari kubwa", sema "gari kubwa linapita".

*Mpe chaguo.* "Unataka ndizi au chungwa?" huita neno kuliko "unataka?", ambalo hujibiwa kwa kichwa.

*Rekebisha bila kumsahihisha.* Akisema "kalanga", mjibu: "Ndiyo, karanga. Karanga tamu."

*Imbeni na simulianeni.* Nyimbo zenye vitendo vya mikono, na hadithi za bibi jioni, humpa mtoto maneno yanayorudiwa kwa mpangilio uleule hadi ayashike.

Gawaneni kazi hii. Baba anayerudi jioni amchukue dakika 15 bila simu mkononi. Kaka na dada wafundishwe kumngoja ajibu, wasimsemee. Kama mtoto analelewa na dada wa kazi au jirani, mwonyeshe mambo haya, kwa kuwa ndiye anayekaa naye saa nyingi kuliko wewe.

Ikibainika hasikii

Habari hiyo huumiza, lakini inakupa mahali pa kuanzia. Uliza kama kifaa cha kusaidia kusikia kitamfaa. Kwa uziwi mkubwa, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto. Upandikizaji huu hufaa zaidi mtoto akiwa bado mdogo, na hii ni sababu nyingine ya kutongoja.

Wakati huohuo familia nzima ianze kujifunza Lugha ya Alama ya Tanzania. Alama hazimzuii mtoto kusema. Zinampa lugha ya kufikiria, kuuliza na kueleza anapoumwa. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinajua njia za kuifundisha. Tanzania imekuwa na shule za viziwi tangu ile ya Tabora ilipoanza mwaka 1963, ikifuatiwa na Buguruni mwaka 1974, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya mtoto wako kusoma. Muone afisa ustawi wa jamii na afisa elimu maalumu wa halmashauri mapema, kabla umri wa shule haujafika.

Neno kwako

Bibi anaweza kuwa sahihi, na mtoto akasema mwenyewe. Ikiwa hivyo, utakuwa umepoteza nauli ya kwenda Mkwajuni au Mbeya na siku moja ya kazi. Ikiwa siyo hivyo, utakuwa umempa mwanao miaka ambayo hairudi. Chukua kadi ya kliniki, soma umri wake, linganisha na hatua zilizoandikwa hapa. Kama yuko nyuma, panga safari wiki hii, na leo jioni keti naye, mtazame usoni, mwambie jambo moja, kisha ungoje akujibu.